Mdogo wangu kaingia kundi la dini kawatoa watoto skuli, hawa ni hatari kweli au nakuza mambo?

Binti_Wete

Asalaam aleikum wana jukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunambia napiga vita dini, mie nimesoma chuo cha Qur-ani mpaka nikahitimu na kwetu maulidi yanasomwa kila mwaka kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Iko hivi. Mdogo wangu wa kiume, baba mmoja mama mmoja, alikuwa anauza samaki hapahapa Wete, mtu wa maskhara, mpira anaupenda kuliko kula. Mwaka jana kabla ya Ramadhani akaanza kufuatana na jamaa fulani, tukaona kheri maana kaacha sigara na alfajiri haimpiti. Kidogo kidogo ikaja maulidi bidaa (uzushi katika dini), sawa, hilo Pemba tushalizoea. Halafu kombe, yale maandishi ya Qur-ani yanayooshwa mgonjwa akanywa, ushirikina, sawa. Halafu nyama ya sikukuu nyumbani kwa mama yake mzazi hana hakika nayo. Mwisho hospitali nayo ikawa ni kukosa tawakkul (kumtegemea Mungu), hapo ndo nikashtuka, maana ansari (hawa wanaopinga maulidi) wote ninaowajua mimi wakiumwa ndo wa mwanzo kufika kwa daktari.

Ulipoingia msimu akauza mikarafuu kumi na moja aliyorithi kwa marehemu mzee, ile yenyewe ya mbele ya nyumba, pesa kampa amiri wao. Kauza na simu. Akamchukua mke na watoto watatu wakahamia shamba moja huko kaskazini (shehia sitaji), wako kama familia tisa wamezungushia uwa wa makuti. Watoto wakubwa wawili, wa darasa la nne na la sita, skuli basi.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatizama. Ndani huingii, unaitiwa mtu wako mlangoni na pembeni anasimama mwanamme hasemi kitu, anasikiliza tu. Wifi yangu akaja na yule mdogo wa miaka mitatu mgongoni, kichwa kimelala upande, midomo imekauka mpaka imetoka magamba, nikamshika mguu moto, na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikasema nipeni nimpeleke hospitali. Ndugu yangu akanambia "dada huyu ni amana ya Mungu, si yako". Sikujibu nikapanda gari nikamfata mama. Mama yetu ana miaka sabini na goti bovu, alifika pale akatandika kanga yake akakaa kitako mlangoni, akasema haondoki mpaka apewe mjukuu wake au wamzike hapohapo. Adhana ya magharibi wakampa.

Nimonia. Kalazwa siku nne, kapona alhamdulillah na yuko kwangu sasa, na baba mtu anasema nimeiba mtoto.

Nilikwenda kituo cha polisi, askari kaniuliza wana silaha? nikasema sijaona. Wanaitukana serikali? nikasema hapana. Akasema basi dada hilo la familia. Mtaani nako nusu wanasema magaidi hao nusu wanasema waacheni watu waabudu. Sasa nauliza nyie mnaojua mambo, kundi la namna hii ni hatari kwa jamii kweli au ni mie dada mtu tu na uchungu wangu?

Mzee_wa_Darajani

Pole sana mwanangu na mpe mkono mama yako, huyo ndo mwanamke.

Ila nitasema ambalo pengine hutolipenda. Sie Wazanzibari tunapenda kutishana. Mimi nina ami yangu Mkoani, miaka ya tisini alirudi masomoni na ndevu na suruali inaishia juu ya kifundo, akakataa talkini akakataa hitima, hizi dua tunazowasomea maiti, mtaa mzima ukasema keshaharibikiwa huyu, wengine hawasali nyuma yake, harusi ya mwanawe watu hawakwenda. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi na ndiye anayewakopesha saruji walewale waliomsusia. Hakumdhuru mtu hata siku moja. Alikuwa mkali wa maneno tu na mimi mpaka kesho tunabishana naye kuhusu maulidi tukiwa tunakula sahani moja.

Na tizama hapa mjini, ndani ya Mji Mkongwe kuna Sunni, kuna Ibadhi, kuna Bohora, Ithnaasheri, Ismailia, Wahindu na hekalu lao, kanisa la Mkunazini liko palepale palipokuwa soko la watumwa, na kila mmoja imani ya mwenzake anaiona kichekesho. Tumeishi. Ugeni wa imani si hatari.

Na khofu nayo inaua, msisahau. Mwaka 1995 ilianza huko huko kwenu Pemba, Popobawa, watu wanalala nje wamejibananisha kama dagaa. Ilipovuka kuja Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akauliwa na watu waliomshuku kuwa ndiye. Popobawa hajaonekana mpaka leo lakini yule maskini alikufa kweli. Kwa hiyo hao wanaosema "magaidi" mtaani waambie wafunge midomo.

chombo_hakiendi

mama kakaa mlangoni na kanga 😂😂 jeshi la mtu mmoja wallahi. Mungu amueke

Nahodha_Kaskazi

Mzee hapo juu nakuheshimu lakini mfano wa ami yako na wa huyu dada haviendani hata kidogo na nitakwambia kwa nini.

Mimi mzaliwa wa Pemba ila nilikuwa Malindi, ya Kenya sio Malindi yetu ya bandarini, nafanya kazi za baharini, mwaka 2023 mambo ya Shakahola, ule msitu wa makaburi ya wafuasi wa mhubiri, yalipotoka nilikuwepo. Aprili ile mji ulikuwa hausemi kitu chengine. Nilipita nje ya hospitali nikaona hema la Msalaba Mwekundu na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na picha mkononi, picha za pasipoti, picha za harusi, mmoja kashika ripoti ya skuli ya mtoto kwa sababu hana picha nyengine. Wanatolewa mate kupimwa vinasaba, halafu wanarudi kukaa. Kuna mama nilimpa maji akaniuliza kama najua wanachukua muda gani. Sikuwa najua.

Maiti zilizofukuliwa msituni zilipita 400, na wengi watoto. Sasa wengi wanadhani yule mhubiri Paul Mackenzie aliibuka tu siku moja na kuwaambia watu wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Hapana bwana. Alikuwa dereva wa teksi, kanisa lake alianzisha 2003, watu walikuwa wanaenda na kurudi majumbani kwao kama kawaida. Kwanza ikawa skuli mbaya, mwaka 2017 alishikwa kwa hilo. Ikaja hospitali mbaya. Ikaja namba ya serikali, ile Huduma Namba, ni ya shetani, 2019 akashikwa tena. Mwaka huohuo akafunga kanisa mjini na watu wakauza mali zao wakaenda kukaa msituni, eneo kama ekari 800, mbali na barabara. Machi 2023 alishikwa kwa watoto wawili waliokufa njaa, akapewa dhamana akatoka. Mwezi uliofuata ndo makaburi yakaanza kufukuliwa. Kesi inaendelea na yeye kakana mashtaka, hilo tuiachie mahkama, lakini makaburi hayana kukana.

Halafu msidhani yaliisha. Mwaka 2025 zimefukuliwa maiti nyengine zaidi ya 30 huko huko Kilifi, sehemu inaitwa Kwa Binzaro.

Dada soma tena ulichokiandika wewe mwenyewe: mali kuuzwa, simu kuuzwa, skuli, hospitali, uwa, na mtu wa kusikiliza unachosema na ndugu yako. Ami yake Mzee wa Darajani alikuwa na ndevu lakini alikuwa na duka, mtu akitaka kumtukana anamkuta dukani. Mimi tangu siku zile siulizi kundi linaamini nini. Naangalia mlango. Mtu akitaka kutoka na wanawe usiku huu anatoka? Pesa yake anaipata? Kama jibu ni hapana hata kama wanasoma Qur-ani nzuri mpaka unalia, hapo pana shida.

Mzee_wa_Darajani

Nahodha nimekusoma, sina la kubisha kwenye hilo la mlango. Ila ami yangu hakuwa mhubiri wa kufa njaa bwana usimtie humo.

Nahodha_Kaskazi

Sijamtia mzee wangu, ndo kwanza nimemtoa 😄

abu_ghurabaa

Mnachekesha. Mtu akishika dini anaitwa hatari, akishinda baa za Nungwi na watalii haitwi hatari. Makafiri wa msituni Kenya wanahusiana nini na Waislamu wanaokimbiza watoto wao na ufisadi wa maskuli? Huyo dada alitakiwa amshukuru Mungu kaka yake kaacha sigara.

Ustadh_Mchanga_Mdogo

Sheikh abu_ghurabaa, hayo ya baa tutayazungumza uzi wake. Tubaki na mtoto mwenye nimonia.

Umesema Waislamu, basi twende kwa Mtume (s.a.w). Mabedui walimuuliza tujitibu? akawajibu jitibuni enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Hadithi iko kwa Abu Dawud na Tirmidhi, watoto wangu wa chuoni wanaijua. Tawakkul ya kumzuilia mtoto wa miaka mitatu dawa hao wameitoa wapi?

Na la amiri. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha kikosi Mtume alikipa amiri na akawaamrisha wamtii. Yule amiri akakasirika siku moja, akawaambia kusanyeni kuni, washeni moto, halafu ingieni. Wakasimama wanatizamana, wakasema sisi tulimkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto, leo tuuingie? Mpaka moto ukazimika na hasira zake zikapoa. Habari ilipomfikia Mtume akasema lau wangeliuingia wasingelitoka humo tena, utiifu ni katika mema tu. Hawa walikuwa Masahaba na amiri kateuliwa na Mtume mwenyewe. Sembuse amiri aliyenunuliwa mikarafuu kumi na moja.

Kisa hichi mie sikukifahamu vizuri mpaka niliposoma habari za Kanungu, Uganda. Machi 17 mwaka 2000, wafuasi wa kundi moja lililotoka kwenye Ukatoliki waliungua ndani ya kanisa lao, na baadae zikakutwa maiti nyengine kwenye mashimo chini ya nyumba, jumla zilipita mia saba. Walikuwa wameambiwa dunia inamalizika mwisho wa 1999, wakauza ng'ombe na mashamba. Dunia haikumalizika, wakaanza kuuliza pesa zetu ziko wapi. Huko ndiko mambo yalikogeukia. Wale walikuwa Wakristo, kweli, lakini njia aliyopita mtu mpaka akafika motoni haina dini, kwetu pia inapitika.

Kwa hiyo dada tarehe ukisikia wametaja tarehe, au safari, au "karibuni tutapumzika", usingoje.

kijukuu_cha_Makunduchi

Naunga mkono mengi ila kuna jambo hamjaligusa na ndo linalonitia khofu mimi kuliko hao jamaa wenyewe. Neno GAIDI.

Wengine humu wadogo hawakumbuki 2012. Uamsho ilikuwa jumuiya iliyosajiliwa, mihadhara inajaa, wanazungumza Muungano mpaka mama zetu wanaacha kupika kwenda kusikiliza. Mei ile fujo, makanisa yakachomwa, Oktoba fujo tena na askari akauawa Bububu, hayo yalitokea na si madogo, waliochomewa kanisa walikuwa majirani zetu na mimi sitokuja kuyapamba. Lakini tizama kilichofata. Masheikh wakaja kufunguliwa kesi ya ugaidi Bara 2014, wakakaa mahabusu mpaka Juni 2021 mashtaka yakafutwa na mkurugenzi wa mashtaka (DPP). Miaka karibu saba bila hukumu. Watoto wamekua baba yuko Dar gerezani. Kama walikuwa na kosa basi hatukuthibitishiwa na kama hawakuwa nalo basi nani anairudisha hio miaka? Na upande wa waliochomewa nao wamebaki bila jibu nani hasa kachoma. Wote wamekosa.

Sasa wewe ukipiga kelele gaidi, hao jamaa watakuja na magari, mdogo wako atachukuliwa, wifi yako na watoto watabaki pale uwani na amiri pengine keshatoroka na pesa za mikarafuu. Na wale waliobaki ndo wataamini zaidi kuwa dunia nzima inawapiga vita kama walivyoambiwa. Askari wako alikuuliza wana silaha, ndo swali pekee analolijua. Hakuuliza watoto wanakula nini.

Binti_Wete

Nawasoma wote, nashukuru, mama kanikataza kulia mbele ya mtoto kwa hiyo nawasoma jikoni. @Ustadh hilo la safari limenishtua. Mtoto huyu mdogo juzi wakati namkosha kanambia "shangazi mie sendi safari tena?" Nikamuuliza safari gani akasema ya wote. Nilidhani anaota.

Nahodha_Kaskazi

Dada hilo usilale nalo. Kesho asubuhi.

wakili_asiye_kofia

Nimekaa kimya nasoma, sasa hapo kwenye safari naingia.

Kwanza hujaiba mtoto. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na mtoto ana haki ya kutibiwa na kusoma hata kama baba hataki, imani ya mzazi haiwi ruhusa ya kumuacha mtoto afe. Lakini wewe huna karatasi yoyote, na hilo ndo tatizo lako. Chukua cheti cha kulazwa na cha kutolewa hospitali, kiwe na tarehe na neno nimonia limeandikwa, toa kopi tatu. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, si kituoni kwanza, ustawi. Mwambie mtoto yuko kwako, kalazwa kwa sababu hii, wawili wengine wako ndani na wameacha skuli, na yale maneno ya safari yaandike kama alivyoyasema mtoto usiyatengeneze. Omba uwe na mtoto kihalali wakati wanachunguza. Wao ndo wanaoita polisi wakiona haja, na polisi akiitwa na ustawi kwa suala la watoto haulizi tena silaha.

Mwalimu mkuu wa skuli waliyokuwa wanasoma naye akupe barua ya mahudhurio. Mara nyingi walimu wanajua zaidi ya tunavyodhani, utakuta kuna watoto wengine wa familia nyengine kwenye tisa hizo walioacha wiki hiyohiyo.

Usiandike popote gaidi wala khawariji (waasi wa dini). Andika ulichokiona: uwa, mtu wa kusikiliza, midomo imekauka, mbavu zinaingia. Kama jumuiya yao haijasajiliwa, kuna sheria ya usajili wa jumuiya na mrajis wake, lakini hilo la baadae, mtu hafi kwa kukosa cheti cha usajili.

abu_ghurabaa

Kama mtoto kasema hivo kweli basi hata mimi ningekwenda kumchukua. Nasema tu.

chombo_hakiendi

Allahu akbar leo abu ghurabaa kakubali kitu, wekeni tarehe

Ustadh_Mchanga_Mdogo

Dada mimi niko tayari kuja na sheha na mzee mmoja wa msikiti wanaomuheshimu, Alhamisi baada ya laasiri. Tusiende kujadiliana bidaa. Twende kumuamkia mdogo wako na kumpelekea samaki. Akija mlangoni mwenyewe bila yule wa pembeni tumepata njia.

Binti_Wete

(Jumamosi) Narudisha habari kama nilivyoahidi, samahani simu ilikuwa kwa fundi.

Ustawi walinipokea vizuri, dada mmoja kijana kaandika kila kitu, alipofika kwenye safari akaacha kuandika akaniomba nirudie. Mwalimu mkuu kanipa barua, na kweli, wakili umesema, watoto saba skuli moja wiki moja. Saba! na hakuna aliyejumlisha.

Alhamisi tulikwenda, ustadh, sheha, mzee wa msikiti na mama kwa sababu mama hakatazwi. Ustawi walisema wao watakwenda kivyao na askari wiki inayokuja, tusiwataje. Tulichukua changu wawili wakubwa. Akatoka yule wa pembeni, akasema ndugu yenu yuko kwenye ibada. Ustadh akasema hatuna haraka, akatandika busati, tukasali laasiri hapohapo nje ya uwa, ustadh imamu. Tulipotoa salamu mdogo wangu kasimama mlangoni. Kakonda. Hakutoka ila hakuondoka, kasimama tu anamtizama mama, na mama hakusema neno kampandishia samaki juu ya uwa. Kawapokea. Yule mwanamme akamwambia kitu kwa sauti ndogo na mdogo wangu akamjibu, tumesikia sote, "hawa mama yangu kawanunua."

Yule mtoto wa darasa la sita alipita nyuma yake na ndoo ya maji. Akaniuliza kwa haraka, "shangazi mtihani wa taifa ushafanywa?"

Nikamwambia bado. Akaingia ndani.

Mtihani nimeulizia skuli, jina lake halijafutwa. Jumanne ustawi wanakwenda, nitawaambia.